Mtoto Si Mkalimani wa Wazazi Wake

Familia nyingi za Wakongo zilizohamia Marekani kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Tanzania, na Kakuma, Kenya, zina mtoto mmoja aliyetwishwa kazi ya watu wazima. Kiingereza kilimwingia upesi, basi ndiye anayesoma barua za mwenye nyumba, ndiye anayepokea simu ya hospitali, na siku ya kikao cha wazazi ndiye anayeketi kati ya mama na mwalimu. Sasa mwalimu akilalamika kwamba mtoto huyohuyo haleti kazi za nyumbani, mama ataambiwa nini?

Suala la mkalimani halikuachwa kwa hisani ya shule. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyoletwa na wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu na mwalimu sawa na wenzake hakutoshi. Wajibu wa shule unawagusa wazazi pia: shule impe mzazi taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa, kupitia mkalimani anayefaa, bila malipo.

Haki hiyo huanzia kwenye fomu ya kuandikisha mtoto, panapoulizwa lugha ya nyumbani. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakihofia mtoto atarudishwa nyuma, kumbe jibu hilo laweza kumkosesha masomo ya lugha anayoyahitaji. Andika ukweli wote. Kama nyumbani mnaongea Kibembe na Kiswahili ni cha sokoni tu, sema hivyo. Mama wa Fizi, mashariki mwa Kongo, akiletewa mkalimani wa Kiswahili cha Mombasa, anaweza kuitikia "ndiyo" kikao kizima kwa adabu, kisha akatia saini asichokielewa.

Na saini hiyo ni nzito. Shule ikishuku kwamba mtoto ana ulemavu wa kujifunza, kwa kawaida haiwezi kumpima kwa mara ya kwanza bila idhini ya mzazi. Mtoto aliyepoteza miaka ya masomo kwa vita, kisha akawekwa darasa la watoto wa rika lake, huonekana mzito wa kuelewa hali hajawahi kufundishwa. Alianza kuongea lini, alisoma wapi, aliacha kwa nini: hayo anayajua mzazi, na pasipo mkalimani hayafiki mezani.

Mashirika yaliyozipokea familia hizi yalizisimamia hasa siku 90 za mwanzo. Baada ya hapo mafunzo kuhusu haki hizi yatolewe na makanisa, misikiti na vyama vya akina mama, kwa Kiswahili na lugha za nyumbani.

Nawe mzazi, ukiitwa shuleni, omba mkalimani siku unapopata barua, usingoje siku ya kikao. Asipopatikana, omba kikao kiahirishwe, na usitie saini.