Risasi za shingo ya chupa: kwa nini revolva ilishindwa kuzibeba

Mwaka wa 1963, kampuni ya Marekani Sturm, Ruger & Co. ilitoa bastola ya ajabu kidogo. Ukiitazama kwa mbali, ni revolva ya zamani: mpini uliopinda, nyundo ya kuvutwa kwa dole gumba, mtutu mrefu. Ukiisogelea, unakuta silinda haipo. Mahali ambapo revolva hubeba risasi sita, bastola hiyo iliyoitwa Hawkeye ilibeba risasi moja tu.

Ruger ilikuwa imejenga jina lake kwa revolva. Tangu 1955 ilikuwa ikiuza Blackhawk, na wawindaji wengi wa Marekani waliipenda. Kwa nini basi kampuni hiyo iondoe kiungo kinachoifanya revolva iwe revolva? Jibu limo katika umbo la ganda la risasi.

Ganda lililonyooka, ganda la chupa

Wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo wameona maumbo haya mawili bila kuyatafuta. Ganda la kalibre 12, ambalo wawindaji wetu wanalifahamu, limenyooka kama kipande cha bomba. Ganda la AK-47, lile linalobaki barabarani baada ya milio ya masasi kunyamaza, ni pana chini, kisha linabana karibu na mdomo kama shingo ya chupa.

Faida ya umbo la chupa inaeleweka haraka. Tumbo pana linabeba baruti nyingi, na shingo nyembamba inashika kichwa kidogo cha risasi. Nguvu nyingi ikisukuma kitu chepesi, kasi inapanda. Ndiyo maana bunduki nyingi za vita duniani hutumia ganda la namna hiyo.

Hata katika revolva umbo hilo si geni. Mwaka wa 1873, Colt ilitoa revolva yake maarufu, Single Action Army. Mwaka huohuo Winchester ilitoa bunduki iliyotumia risasi ya .44-40, yenye shingo iliyobana kidogo. Baadaye Colt ilitengeneza revolva yake kwa risasi hiyo pia, ili mtu anunue aina moja ya risasi kwa silaha zake mbili. Mpango huo ulifanya kazi kwa miaka mingi, kwa sababu baruti nyeusi ya wakati ule ilitoa mgandamizo mdogo na shingo yenyewe ilibana kidogo tu.

Mbio za kasi

Matatizo yalianza pale viwanda vilipotaka bastola ipige kwa kasi ya bunduki. Mwaka wa 1960, Winchester ilitangaza risasi mpya, .256 Winchester Magnum. Mafundi walichukua ganda lililonyooka la .357 Magnum, risasi yenye nguvu iliyokuwapo tangu 1935, wakalibana mdomo ili lishike kichwa chembamba zaidi.

Mwaka uliofuata, Remington na Smith & Wesson walifuata njia hiyohiyo kwa risasi ya .22 Remington Jet na revolva iliyoitwa Model 53. Kasi iliyotangazwa ilikuwa futi 2,460 kwa sekunde, yaani karibu mita 750. Kwa kulinganisha, risasi ya AK-47 hutoka kwa takriban mita 715 kwa sekunde. Vipimo vilivyofanywa nje ya kiwanda vilionyesha kasi ndogo kuliko hiyo. Hata hivyo, kwa silaha ya mkononi ilibaki kubwa.

Kinachotokea ndani ya silinda

Katika AK-47, kabla ya risasi kulipuka, kipande kizito cha chuma huisukuma ndani ya chumba chake, kisha hujifunga nyuma yake. Ganda halipati nafasi ya kurudi nyuma.

Revolva haina kifungio hicho. Risasi zimekaa ndani ya silinda, na silinda lazima izunguke. Ili izunguke, ni lazima iachwe nafasi ndogo kati ya kitako cha ganda na ukuta wa chuma ulio nyuma yake. Kitu kinachozunguka hakiwezi kubanwa.

Baruti inapolipuka, ganda huvimba na kushika kuta za chumba. Ganda lililonyooka hushika kwa urefu wake wote. Hata likirudi nyuma kidogo, kuta zake hazina mteremko wa kulikwamisha. Mgandamizo ukiisha, linalegea.

Ganda la chupa lina mteremko kwenye mabega yake. Mlipuko hulisukuma nyuma mpaka kitako chake kigonge ukuta, na wakati huohuo mabega huvimba na kujaza nafasi lililoiacha mbele. Mgandamizo ukiisha, ganda haliwezi tena kurudi mahali pake. Linabaki kama kabari kati ya chumba na ukuta, na silinda haizunguki.

Mafuta huongeza shida. Chumba au ganda likiwa na mafuta, hakuna msuguano wa kulizuia lisiteleze. Ndiyo maana watumiaji wa Model 53 walishauriwa kukausha kabisa vyumba vya silinda na risasi zenyewe kabla ya kupiga.

Kwa revolva ya kukoki kwa mkono, kasoro hii ni nzito zaidi. Katika silaha hiyo, kuvuta nyundo ndiko kunakozungusha silinda. Silinda ikikwama, nyundo nayo haivutiki. Tena silinda yake haifunguki kwa pembeni kama ile ya Model 53: maganda hutolewa moja moja kupitia kijilango cha upande, na ili kila moja lifike kwenye kijilango ni lazima silinda izunguke. Mwindaji anaweza kupiga risasi ya kwanza, kisha akabaki na silaha iliyofungwa mbele ya mnyama aliyejeruhiwa, huku risasi tano zingali ndani.

Kosa si la kasi peke yake

Mtu anaweza kudhani kwamba nguvu ndiyo iliyoharibu mambo. Lakini Ruger hiyohiyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, iliuza Blackhawk kwa risasi ya .30 Carbine, ambayo wanajeshi wa Marekani waliitumia katika Vita Kuu ya Pili. Risasi hiyo nayo ina mgandamizo mkubwa na kasi kubwa, lakini ganda lake halina shingo: karibu limenyooka kabisa. Revolva hiyo ilidumu sokoni kwa miongo mingi.

Hiyo haina maana kwamba ganda lililonyooka linaondoa kila tatizo. Mwaka wa 1983, Ruger ilitoa Blackhawk nyingine kwa risasi ya .357 Maximum, yenye ganda refu lililonyooka. Humo silinda haikukwama, lakini gesi kali iliyotoka kwenye upenyo kati ya silinda na mtutu ilianza kula chuma cha fremu juu yake. Kampuni ilisimamisha utengenezaji haraka.

Njia mbili

Smith & Wesson iliendelea kuuza Model 53 hadi 1974, na mtumiaji akaachiwa kazi ya kukausha vyumba. Ruger, iliyokuwa na mpango wa kutengeneza Blackhawk kwa risasi ya .256, iliacha silinda. Katika Hawkeye, mtu alifungua kwa mkono kipande cha chuma, akaweka risasi moja, akakifunga nyuma yake. Ganda likakosa nafasi ya kurudi, na kukwama kukaisha.

Wanunuzi hawakuvutiwa. Hawkeye takriban 3,300 tu zilitengenezwa kabla ya kazi kusimamishwa mwaka wa 1964, na .256 haikupata kamwe umaarufu wa .357 iliyoizaa. Leo Hawkeye inatafutwa na watu wanaokusanya silaha za zamani.

Chuma cha Blackhawk kilikuwa na nguvu ya kutosha kuizuia risasi ile isipasue silinda, na majaribio ya risasi moja yangeonyesha kwamba kila kitu ni sawa. Kasoro ilijionyesha pale tu mtu alipotaka kupiga ya pili. Kwa fundi yeyote anayefikiria kupanua vyumba vya revolva ya zamani ili ibebe risasi ya kasi, hapo ndipo pa kuanzia: aulize kwanza ganda litaegemea wapi baada ya mlipuko, na kama silinda itaweza kuzunguka tena.