Mwalimu, diski yako ikifa leo utabaki na nini?

Ilikuwa Ijumaa jioni, mwishoni mwa muhula, nami nilikuwa nimeabiri matatu mjini Kitale nikielekea nyumbani Bungoma. Mkobani nilikuwa na diski ya nje, kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, ambacho kwa muda wa miaka sita nilikuwa nimekifanya ghala la kazi yangu yote. Humo mlikuwamo maazimio ya kazi, mitihani, alama za wanafunzi na, lililo kubwa zaidi, sauti za wazee wetu niliowarekodi wakisimulia ngano na kutega vitendawili kwa Kibukusu. Tulipofika Webuye, ambapo nilibadilisha gari, makanga alinipokeza mkoba kwa haraka, ukaniponyoka, ukaanguka juu ya lami. Hapakuwa na kishindo cha kutisha. Niliupangusa vumbi, nikaendelea na safari.

Usiku huo nilipoiunganisha diski na kompyuta ilitoa mlio wa tak, tak, tak, mithili ya saa iliyoharibika. Kompyuta haikuitambua kamwe. Fundi niliyemwendea aliniambia kwa upole kwamba diski ya namna hiyo hufunguliwa tu katika chumba kisicho na chembe ya vumbi, na kwamba gharama huenda ikapita mshahara wangu wa mwezi, bila ahadi kuwa kitu kitapatikana. Alama nilizikusanya tena kutoka kwa walimu wenzangu. Mitihani niliiandika upya. Lakini wazee watatu kati ya wale niliowarekodi walikuwa wamekwisha kuiaga dunia, na mmoja wao alikuwa nyanya yangu mzaa baba. Sauti yake sitaisikia tena.

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa majuto ni mjukuu. Nasimulia haya si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa sababu najua walimu na wanafunzi wengi kutoka Kitale hadi Bungoma wanaotembea na hazina zao mikobani vivyo hivyo, na kila wanapokwenda dukani swali lao ni moja tu: diski ipi ni ya kuaminika?

Kwanza tufahamu tunachokinunua. Diski ya kawaida ina sahani ndani yake ambazo huzunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, huku kichwa kisomacho kikielea juu ya sahani kwa nafasi iliyo ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kampuni ya IBM ilipotoa diski ya kwanza mwaka wa 1956 mtambo wenyewe ulikuwa na sahani 50 na ulihitaji gari la mizigo kuuhamisha. Leo tunautia mfukoni na kusahau kuwa ungali mashine yenye viungo vinavyotembea. Diski hii ni nafuu, hubeba mengi, na hufaa sana mahali pasipo msukosuko, kama vile juu ya meza ya nyumbani au kabatini ofisini. Adui zake ni kuanguka, kutikiswa inapofanya kazi, na stima kupotea ghafla inapoandika.

Ya pili ni ile iitwayo SSD, isiyo na kitu kizungukacho ndani yake. Huvumilia bodaboda na matatu vizuri zaidi, tena ni nyepesi na ya kasi. Hata hivyo bei yake ni kubwa kwa nafasi ile ile, na ikiwekwa kabatini miaka mingi bila kupata umeme yaweza kuyapoteza yaliyomo. Isitoshe, nyingi hufa kimya, bila ule mlio unaotangaza maradhi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Diski ya kutembea nayo kila siku iwe SSD, hata kama ni ndogo. Diski ya kubaki nyumbani iwe ile ya sahani, iliyo kubwa. Na usiogope udogo. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3 huchukua takriban megabaiti 58. Saa 100 hazifiki gigabaiti 6. Mwalimu asiyehifadhi video nyingi hana haja ya kulipia terabaiti nne.

Jihadhari pia na bei ya kushangaza. Kibaya chajitembeza, kizuri chajiuza. Ukionyeshwa kijidiski cha terabaiti 16 kwa bei ya viatu, usikinunue. Ndani yake huwa mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kusema uongo: kompyuta huambiwa kuna nafasi tele, faili zikizidi uwezo huandikwa juu ya nyingine, na majina yakabaki bila chochote ndani. Zipo programu za bure, kama vile H2testw na F3, ambazo huijaza diski na kuisoma tena ili kuubaini udanganyifu huu. Ifanyie diski jaribio hilo ingali tupu, kabla muda wa kuirudisha dukani haujapita. Lakini usimgombeze mwenye duka kwa kuwa terabaiti 1 imeonekana kuwa gigabaiti 931 kwenye kompyuta. Hapo hakuna wizi, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

Na chapa je? Watengenezaji wakubwa wa diski za sahani waliosalia duniani ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Nimewasikia walimu wakibishana juu yao kama mashabiki wa kandanda. Mwaka wa 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000, wakaonyesha kuwa nyingi zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara za maana za kuonya. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu. Nilikuwa nikitafuta diski isiyokufa, nayo haijaundwa. Kinachoweza kuaminika ni utaratibu wa mwenye diski.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kila kilicho muhimu kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na nyingine. Mimi sasa hubeba SSD, huacha diski ya sahani Bungoma, na faili ndogo ndogo kama alama na maazimio huzituma kwenye hifadhi ya intaneti. Wapo watakaosema intaneti pekee yatosha. Naam, kwa mwenye mtandao imara na fedha za bando. Wengi wetu tutapakia maandishi, lakini video za darasa zitatushinda. Na kwa kuwa alama za watoto ni siri inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, diski itembeayo ifungwe kwa nywila.

Neno la mwisho nawaelekezea wakuu wa shule. Tunanunua chaki na madaftari, na kila kitu huandikwa katika orodha ya mali. Lakini alama za tathmini za shuleni, zile zinazopelekwa kwa Baraza la Mitihani, mara nyingi hukaa katika kifaa cha mwalimu mmoja, alichokinunua kwa pesa zake. Akihamishwa, huondoka nazo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shule inunue diski mbili, moja ikae ofisini na nyingine kwingineko, na mwalimu mmoja apewe jukumu la kunakili kila Ijumaa.

Pale Kitale pana makavazi yaliyotokana na mkusanyo wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyeanzisha makavazi yake mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966 vipepeo na vitabu vyake havikutupwa, kwa maana alikuwa amekwisha kupanga vitakwenda kwa nani. Kila nipitapo hapo humkumbuka nyanya yangu, ambaye ngano zake zilikuwa na nakala moja tu, nayo ikaanguka Webuye. Mpendwa msomaji, kama unayo sauti ya mzee wako mahali pamoja, inakili leo hii kabla hujalala.