Je, Wajua? Mjusi wa Jangwani Hutambuliwa kwa Vidole na Kope
Mjusi kafiri wa jangwani hatambuliwi kwa rangi, maana rangi yake hufifia na kukolea, bali kwa vidole na macho. Wa kumlinganisha naye ni yule wa nyumbani, Hemidactylus mabouia, anayevizia wadudu karibu na taa. Chini ya vidole vyake mna vigamba vipana vya safu mbili vinavyong'ang'ania ukuta na dari, na jicho lake lisilo na kope hulisafisha kwa ulimi.

Milima ya Kisii na Nyamira, yenye mvua, chai na migomba, si makao ya mjusi wa jangwani. Huyo hupatikana kaskazini, Turkana. Huko yupo Stenodactylus sthenodactylus, aliyepewa jina na Mjerumani Lichtenstein mwaka 1823. Vidole vyake vyembamba havina vigamba hivyo vipana, kwa hiyo hukimbia mchangani wala hapandi kioo. Hata hivyo, yumo katika familia ileile ya Gekkonidae.

Holodactylus africanus wa nyika naye hana vigamba hivyo, lakini la kustaajabisha ni kwamba hufumba macho: ana kope, na kope hizo humweka katika familia nyingine kabisa, Eublepharidae. Kazi ya uainishaji bado inaendelea. Hemidactylus barbierii wa Ziwa Turkana alielezwa kisayansi mwaka 2007.