Sauti Imekwisha Fika Juu ya Paa

Ukipita jioni katika mitaa ya Ng'ambo, au ukiingia katika kijiji chochote cha Pemba baada ya sala ya Isha, hutakosa kusikia redio. Lakini mara nyingi utakachokisikia ni ugomvi baina ya sauti na mvumo. Msomaji wa habari anakwaruza, nyimbo zinakatika, na mwenye nyumba ameibeba redio yake anazunguka nayo chumbani, mara aiweke dirishani, mara juu ya kabati. Mwishowe huizima kwa hasira, akasema kwamba kituo ni kibovu.

Sisi tunasema kwamba aghalabu kituo hakina kosa, wala redio haina kosa. Kosa liko katika waya. Sauti imekwisha fika juu ya paa la nyumba, tena bila ya malipo, ila hakuna aliyepanda kuipokea.

Mwezi wa Ramadhani tulikaribishwa futari kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu. Katika baraza ya ndani ilikuwa ikipigwa taarabu ya zamani, na sote tulidhani ni santuri. Kila uzi wa kanuni ulisikika peke yake, fidla zilikuwa upande wa kushoto, na mwimbaji amesimama katikati kana kwamba yumo mle mle barazani. Tukamwuliza, "Babu, sauti hii umeitoa wapi?" Akacheka. "Wanangu, ni hii hii redio mnayoisikia nyinyi majumbani kwenu. Mimi nimeipandia juu tu."

Alikuwa na tyuna kongwe, yaani kile kisanduku chenye kazi moja tu, ya kuchagua kituo na kukinasa, kisha kuiachia amplifaya kazi ya kupaza. Tyuna ile ilikuwa na umri kushinda baadhi yetu. Lakini nyuma yake ulitoka waya uliopanda ukutani mpaka darini, na juu ya paa palikuwa na mlingoti mfupi wa mti wenye mikono miwili ya bomba la alumini. Siri yote ilikuwa hapo.

Yafaa tueleze jambo hili kwa ufupi. Katika matangazo ya masafa ya kati, sauti ya mtangazaji huchukuliwa kwa kupandisha na kushusha nguvu za wimbi. Radi nayo hutikisa nguvu hizo hizo, kwa hiyo redio haijui ipi ni radi na ipi ni mwimbaji. Mmarekani Edwin Armstrong, aliyepata hati za uvumbuzi wake mwaka 1933, aliifuata njia nyingine: nguvu za wimbi zibaki pale pale, na kinachobadilika kiwe ni idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Hiyo ndiyo FM. Redio hupewa uwezo wa kupuuza kila kinachocheza na nguvu, na kelele nyingi huachwa nje ya mlango. Tena FM huchukua sauti nyembamba hadi mitetemo 15,000 kwa sekunde, ambazo masafa ya kati huzipoteza. Kwa ala kama kanuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini, hiyo ni tofauti ya kumwona mtu kwa mbali na kumwona uso kwa uso.

Lakini neema hiyo ina sharti lake. Wimbi la FM, katika megahezi 87.5 hadi 108, husafiri karibu sawa na mwanga. Haliupindi mgongo wa dunia kama yapindavyo masafa mafupi. Mnara wa mita 100 huona kiasi cha kilomita 41 mpaka upeo wa macho wa wimbi. Redio iliyo juu ya meza, mita moja na nusu kutoka ardhini, huongeza kilomita 5 tu. Antena iliyo juu ya mita 10 huongeza 13. Jumla ni kilomita 54 badala ya 46. Kwa mtu wa bara, kilomita nane si kitu. Kwetu sisi wa visiwani, ambao Unguja na Pemba zimetengwa na bahari ya kiasi cha kilomita 50, nane hizo zaweza kuwa ndiyo mpaka baina ya kusikia na kutosikia. Hapo hatujayahesabu mabonde ya Pemba, ambamo nyumba hukaa nyuma ya kilima kama mtu aliyejificha, wala kuta nene za Mji Mkongwe, wala mapaa ya mabati yanayolirudisha wimbi huku na huko hata likamfikia msikilizaji mara mbili, likiwa limejivuruga lenyewe.

Wapo watakaosema kwamba antena ni anasa ya matajiri. Hawajaona jinsi inavyotengenezwa. Urefu wa wimbi la FM ni kiasi cha mita tatu, na antena ya msingi ni nusu yake. Kwa kituo cha megahezi 98, zatosha bomba mbili nyembamba za alumini au shaba, kila moja sentimita 73. Hutazamana ncha kwa ncha juu ya ubao mkavu, na baina yao hubaki nafasi ndogo. Hapo katikati hufungwa waya: roho ya waya kwenye bomba moja, na wavu wake kwenye bomba la pili. Waya ule ule mnene wa dishi wafaa kabisa. Ubavu wa antena utazame upande wa mnara. Ikiwa kituo kinatuma wimbi la kusimama, bomba nazo zisimame. Ikiwa wimbi ni la kulala, zilale. Fundi wa mtaani aweza kuimaliza kazi hii baina ya sala ya Alasiri na Magharibi.

Anayekaa mbali zaidi huhitaji antena yenye vijiti vingi, jamii ya ile iliyobuniwa Japani na Uda na Yagi mwaka 1926. Wazee wetu wanaijua vyema. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1974, tena kwa picha za rangi, mapaa yetu yaliota vijiti vya namna hiyo, na hakuna aliyesema kwamba ni jambo lisilowezekana.

Yapo ya kuzingatia. Chumvi ya bahari hula viungo vya waya, kwa hiyo vifungwe vizuri, vipakwe grisi, na vikaguliwe kila mwaka kabla ya masika. Mlingoti uunganishwe na ardhi kwa waya mnene, na mvua ya radi ikikaribia, waya wa antena uchomolewe. Asiyeweza kupanda juu, na auning'inize waya wake dirishani; hata hapo ataona tofauti. Na ambaye sterio inamvumia aibonyeze swichi irudi kwenye sauti moja, maana sterio hutaka wimbi lenye nguvu zaidi. Hata simu za mkononi zenye redio hulishuhudia hili tunalolisema: ukiuchomoa waya wa masikioni, redio hunyamaza, kwani waya ule ndio antena yake.

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini gazeti lishughulike na waya wa juu ya paa, ilhali yako mambo makubwa? Jibu letu ni kwamba kwa watu wa visiwani redio si starehe peke yake. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja, kwa hitilafu katika njia ya umeme inayopita chini ya bahari, na haukurudi mpaka Machi 2010. Katika miezi ile, mwenye redio ya betri hakuungoja umeme ili apate habari. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani hii na kufika Mafia, tangazo la hali ya hewa lilikuwa na thamani kuliko samaki wote wa baharini. Simu hutaka chaji, hutaka mtandao, na hutaka fedha ya kununulia vifurushi. Redio hutaka betri na waya.

Kwa hiyo, baada ya kuzungumza na wananchi, sasa twawageukia viongozi na watendaji wa Serikali.

Historia ya FM yenyewe ina onyo kwa kila ashikaye kalamu ya uamuzi. Mwaka 1945 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliamua kuihamisha FM kutoka masafa yake ya mwanzo kwenda megahezi 88 hadi 108. Kwa uamuzi ule, redio ambazo wananchi walikuwa wamekwisha kuzinunua zikawa masanduku matupu. Armstrong alikufa Januari 1954 akiwa bado kwenye mashitaka ya kudai haki za uvumbuzi wake. Mjane wake, Marion, aliendelea nayo mpaka akashinda kesi ya mwisho mwaka 1967. Karibu zaidi na wakati wetu, Norway iliyafunga matangazo ya taifa ya FM mwaka 2017 na kuhamia mfumo wa dijitali, na shirika la utangazaji la umma la Uswisi likafanya hivyo mwisho wa mwaka 2024. Wenzetu hao wana uwezo wao na sababu zao. Sisi hatupingi maendeleo. Twasema tu kwamba kalamu isiizime redio ya mvuvi wa Kojani kabla hajawekewa mkononi kitu kingine kinachofanya kazi ile ile, kwa bei ile ile, hata umeme usipokuwepo.

Tunaomba mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. La kwanza, mamlaka zinazohusika zitangaze kwa Kiswahili chepesi, na zibandike katika kila ofisi ya Shehia, orodha ya minara ya FM: mahali ilipo, masafa yake, na kama wimbi lake limesimama au limelala. Bila ya habari hizo, mwananchi anaielekeza antena yake gizani. La pili, skuli na vyuo vya amali viwafundishe vijana kutengeneza na kusimamisha antena. Ni somo la siku moja, na laweza kuwa riziki ya maisha. La tatu, chaja na taa duni zinazomwaga kelele hewani zikaguliwe bandarini, kwani hakuna antena itakayomsaidia mtu ambaye kelele inatoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mzee wetu yule, tulipokuwa tukiaga, alitupa kipande cha waya kilichobaki. "Chukueni," akasema, "msije mkasema tena kwamba redio mbovu." Tumekipandisha juu ya paa la ofisi yetu. Tangu siku hiyo, taarifa ya habari ya saa mbili usiku tunaisikiliza tumekaa.