Je, Wajua? Mmormoni hachagui kata ya kusali

Anwani ya nyumba ndiyo inayoamua. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake huitwa Wamormoni, kila kata, yaani usharika, ina mipaka yake kwenye ramani. Ndiyo maana profesa, fundi bomba, muumini aliyebatizwa mwezi jana na kitukuu wa waanzilishi wa Utah hujikuta benchi moja.

Tofauti zao husikika hasa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Waumini hufunga milo miwili, na fedha ya chakula hicho huwaendea maskini. Siku hiyo hakuna mhubiri aliyepangwa. Anayeguswa husimama na kwenda mbele kushuhudia imani yake: mtoto, bibi kizee, mgeni wa imani. Mmoja husema "najua". Mwingine husema "natumaini" tu, naye husikilizwa. Kukiri hivyo mbele ya jirani zako ni ujasiri hasa.

Tofauti zipo hata mezani. Chai na kahawa ni marufuku. Soda ya kola je? Hapo kila mtu na dhamiri yake. Neno la Hekima, mwongozo wa afya wa kanisa wa 1833, linashauri pia nyama iliwe kwa kiasi. Wengi hula kama kawaida, wachache huiacha kabisa.

Na siasa? Harry Reid aliwaongoza maseneta wa Democratic. Mitt Romney aligombea urais wa Marekani 2012 kwa tiketi ya Republican. Wote wawili walitoka kanisa hilohilo.

Na askofu anayeiongoza kata yenye watu hao wote halipwi mshahara. Jumatatu asubuhi yuko kazini kwake kama wengine.