PICHA NDOGO NDANI YA PICHA KUBWA: NJIA YA KUFUNDISHANA USALAMA KAZINI



Mtu akifundishwa mashine kwa maneno matupu husahau upesi; akiona kwa macho hukumbuka. Kila fundi aliyepata kumlea mwanafunzi analijua jambo hilo. Lakini macho nayo yana shida yake. Ukipiga video ya mashine nzima, vidole vya anayeiendesha havionekani sawasawa. Ukisogea karibu ili vidole vionekane, mashine inapotea, na mtazamaji hajui tena swichi ya kuizimia iko upande gani. Na ajali nyingi hutokea hapo hapo, kati ya mkono na swichi.

Dawa yake ipo: kuweka picha ndogo yenye fremu katika pembe ya picha kubwa. Kubwa inaonyesha mashine nzima, ndogo inaonyesha mikono.

Ufundi huu si mpya. Katika michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, mtambo wa kampuni ya Quantel ya Uingereza ulitumika kuingiza picha ndogo ya mwenge ndani ya picha kubwa ya uwanja. Televisheni ya taifa ilipoanza hapa Burundi mwaka 1984, kazi ya namna hiyo ilitaka mitambo ya studio ya bei kubwa. Leo hali ni nyingine. Programu kama Kdenlive na Shotcut hazidai hata faranga moja, na hapa Kamenge vijana wanaopiga video za harusi wanaijua kazi hii. Kinachowafaa maharusi kitufae na sisi viwandani na mashambani.

Kazi yenyewe hufanyika hivi.

Kwanza, chukueni simu mbili. Moja isimame mbali, nyingine ikae karibu na mikono, lakini nje ya njia ya mashine. Zote zikishaanza kurekodi, mtu apige kofi moja kubwa. Kofi hilo litasikika katika video zote mbili, na kwalo mtazilinganisha baadaye ili mkono na mashine viende pamoja.

Pili, katika kompyuta wekeni video ya mashine nzima kwenye mstari wa chini, na video ya mikono kwenye mstari wa juu. Kanuni ni moja: cha juu hukifunika cha chini, kama shuka juu ya godoro. Kwa hiyo mwanzoni mtaona mikono peke yake. Msishtuke.

Tatu, punguzeni ukubwa wa picha ya juu. Kama video yenu ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, asilimia 30 inatosha: picha ndogo itakuwa 576 kwa 324. Isogezeni pembeni, mkiacha nafasi ya pikseli 40 kila upande ili isigande ukutani.

Nne ni fremu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Bila fremu, mikono myeusi juu ya mashine nyeusi humezwa, na jicho halijui picha moja inaishia wapi. Ingizeni kipande cha rangi moja, cheupe au cha manjano, kwenye mstari wa katikati, chini ya picha ndogo na juu ya picha kubwa. Kikatwe kuwa 588 kwa 336, yaani pikseli 6 zaidi kila upande. Msikikuze kwa asilimia. Mkiandika asilimia 31, kila ubavu utapata karibu pikseli 10, na juu na chini 5 tu, kwa sababu picha ni pana kuliko urefu wake. Andikeni upana na urefu kila kimoja peke yake.

Mwisho, zimeni sauti ya picha ndogo, la sivyo mtasikia kelele mara mbili. Hakikisheni picha ndogo haifuniki swichi. Na hifadhini kazi kila mara, maana umeme ukikatika haubishi hodi.

Mashambani pia njia hii inafaa. Kwa wachumaji wa chai wa Teza na Rwegura, kubwa ionyeshe mchumaji katika mteremko, ndogo ionyeshe majani mawili na chipukizi. Kwa anayepuliza dawa kwa pampu ya mgongoni, kubwa ionyeshe upepo unakoelekea, ndogo ionyeshe namna ya kufunga barakoa.

Hata hivyo, ndugu, yapo mawili ya kuangalia. La kwanza: sura ya mfanyakazi isiingizwe bila ridhaa yake. Mikono inafundisha vya kutosha, na haimtambulishi mtu kirahisi mbele ya msimamizi mwenye hasira.

La pili ni kubwa zaidi. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wafanyakazi na wawakilishi wao wapewe mafunzo ya usalama yanayofaa, na hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka usalama kazini miongoni mwa haki za msingi, nayo Burundi ni mwanachama tangu 1963. Basi video yetu isije ikawa kisingizio. Mashine isiyo na kinga haiponi kwa kuonyeshwa kwenye video. Tuwafundishe wenzetu, na papo hapo tudai kinga iwekwe.

Hospitali ya Mfalme Khaled iko hapa hapa Kamenge. Ni heri tupite mlangoni pake tukienda kazini kuliko kupelekwa humo tukitoka kazini.

Kila tawi na lichague vijana wawili wajifunze ufundi huu, na lianze na mashine iliyojeruhi watu wengi kuliko nyingine zote. Umoja ni nguvu!