Mwandishi Asubiri Zamu Yake

Uzinduzi wa kitabu hapa Dar es Salaam una ratiba ambayo MC yeyote anaweza kuiendesha akiwa usingizini. Mgeni rasmi anachelewa. Akifika, ukumbi unasimama. Risala inasomwa, utepe unakatwa, nakala ya kwanza inanadiwa na mfanyabiashara mmoja anaondoka nayo kwa laki kadhaa, kisha picha ya pamoja na soda. Mara nyingi, katika ukumbi mzima, waliokisoma kitabu chenyewe ni mwandishi na mhariri wake. Ndiyo maana maswali, kama muda wa maswali utapatikana, ni yaleyale: wazo ulilitoa wapi, ulichukua muda gani kuandika, unawashauri nini vijana. Sina ugomvi na uzinduzi. Nakala zinauzwa, na mwandishi wa Kiswahili anazihitaji ziuzwe. Lakini pale hakijazungumzwa kitabu, amezungumzwa mgeni rasmi.

Mimi naongoza mazungumzo ya aina nyingine, kazi isiyo na mshahara. Kikundi chetu kinakutana Magomeni, Jumamosi baada ya alasiri, katika chumba kilicho juu ya duka la stesheneri. Mwenye duka anatuachia bure kwa sharti kwamba viti virudi vilipokuwa. Wapo muuguzi, fundi cherehani, walimu, dereva wa bajaji, wanafunzi wa chuo, na mzee mmoja mstaafu wa bandarini ambaye sote tunamwita Babu. Tunachagua kitabu, tunapeana mwezi wa kukisoma, tunakutana kukigombania. Mwandishi akiwa hai na anafikika, tunamwalika.

Cha ajabu, mijadala iliyowaka kuliko yote ni ile ambayo mwandishi hakuwepo. Tulisoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyotoka mwaka 1971 na ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Kezilahabi alifariki Januari 2020, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwuliza. Muuguzi akasema aliyemuua Rosa ni baba yake, Zakaria, mlevi aliyewachunga mabinti zake kwa ukali na kuwanyima hata kuongea na wavulana. Fundi akang'aka: mbona wadogo zake walilelewa na Zakaria huyohuyo? Sauti zikapanda mpaka mwenye duka akaja kuchungulia kama tunapigana. Safari nyingine tulisoma *Kuli* ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, juu ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Siku hiyo Babu alisimama na hakukaa upesi. Alitueleza walivyokuwa wakijazana getini alfajiri enzi za ujana wake hapa Dar, nyapara akiokota watu kwa kidole, wewe, wewe, wewe, waliobaki wakarudi nyumbani na njaa yao. Mahali pamoja alimuunga mkono mwandishi, mahali pengine akambishia kama vile Adam Shafi amekaa mbele yake.

Sasa mlete mwandishi mwenyewe, uone watu walewale wanavyogeuka wapole. Ni adabu zetu. Mgeni hasemwi usoni, tena mgeni aliyepanda daladala mbili kuja kukuona. Kila anayenyoosha mkono anaanza na "Shikamoo Mwalimu, kwanza hongera sana", na baada ya hongera swali linakuwa limeshalainika kama uji wa mgonjwa. Aliyelalamika kwa jirani yake wiki nzima kwamba sura ya saba inachosha anasema kitabu kina mafunzo mengi. Mwandishi naye anajibu kwa hotuba, maana ameulizwa jambo linalojibika kwa hotuba tu. Wote wanaondoka wameridhika na hakuna aliyejifunza kitu.

Dawa tuliyoipata ni kumnyima mwandishi nafasi ya kusema kwanza. Anakaribishwa, anapewa chai, anakaa kwenye kiti kama cha wengine, katikati ya watu, hakuna meza kuu. Anapewa karatasi na kalamu. Kisha kwa saa nzima wasomaji wanajadiliana wao kwa wao, na yeye haruhusiwi kujibu, kusahihisha, wala kutikisa kichwa kwa nguvu. Asiyesoma kitabu anakaribishwa kusikiliza, ila hapewi nafasi ya kuuliza. Na kila anayetoa hoja ataje ukurasa, tuufungue sote, tuusome kwa sauti.

Hilo la ukurasa ni dogo, lakini ndilo linalofanya kazi kubwa. Mtu akisema "mhusika huyu hana uhalisia", adabu inatuzuia kumpinga. Akisema "ukurasa wa 64 huyu mama anamsamehe mumewe asubuhi ileile, mimi sikubali", pale pana mstari wa kuangalia. Mwingine atasema soma na ukurasa wa 61, alishapanga kumsamehe tangu jana. Hakuna aliyemvunjia mgeni heshima, wanagombania karatasi.

Mmoja wa waandishi tuliowaalika, mtu mzima aliyetoa riwaya kadhaa, alikaa akasikiliza walimu wawili wakibishana kama mhusika wake wa pembeni, karani wa ghala, aliiba zile fedha au alisingiziwa. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Mwanzoni alikuwa anaandika. Baadaye akaacha kuandika, akakichukua kitabu chake mwenyewe kutoka mikononi mwa jirani na kuanza kupekua, kidole kikishuka na mistari. Zamu yake ilipofika, wa kwanza kumwuliza akataka hukumu: kaiba au hakuiba? "Nilipoandika alikuwa ameiba," akasema. "Ila nimetafuta hapa mahali nilipoliandika hilo, silioni." Chumba kikacheka, naye akacheka, halafu akatueleza kwamba kulikuwa na sura nzima ambayo mhariri alimshauri aiondoe kwa sababu kitabu kilikuwa kinene na karatasi ni ghali. Tulizungumza juu ya sura ile isiyokuwepo mpaka muadhini akatukumbusha magharibi.

Tabia ya kumwachia mwandishi kila kitu tumeitoa shuleni. Sote tumefundishwa fasihi kwa vichwa vya fani na maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Ni ngazi nzuri ya kupandia mtihani. Shida ni kwamba mtu wa miaka arobaini akikutana na mwandishi ana kwa ana bado anamwuliza dhamira kuu ya kitabu ni ipi, kana kwamba mwandishi anayo karatasi ya majibu mfukoni. Kenya jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu vitabu teule vya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, vinasomwa na nchi nzima kwa miaka kadhaa mfululizo. Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, alisomwa hivyo kwa *Siku Njema* na baadaye *Kidagaa Kimemwozea*. Mwandishi aliyefika huko anapata wasomaji ambao sisi wengine tunawaota tu, ila wengi wao wanamsoma wakiwa na mwongozo pembeni na mtihani mbele. Wakati mwingine nadhani mazungumzo ya kweli na kizazi hicho yanapaswa kufanyika miaka kumi baada ya mtihani, waambiwe wakisome kitabu tena bila kalamu.

Na asidhani mtu kwamba kumketisha mwandishi chini tumekuvumbua sisi wa Magomeni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, karne ya kumi na tisa, alitunga akijua shairi lake litajibiwa, na mara nyingine jibu lilitoka Lamu. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwapa washairi ukurasa wa kuulizana na kujibizana. Na waliosoma hadithi za mfululizo za magazetini wanaikumbuka namba ya simu iliyokuwa chini ya neno "Itaendelea". Msomaji alimtumia mtunzi ujumbe kumsihi asimuue fulani wiki ijayo.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko Limuru, Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika kwa Kikuyu tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda*, ambayo baadaye ilitoka kwa Kiswahili kama *Nitaolewa Nikipenda*. Mswada haukwenda moja kwa moja kwa mchapishaji. Ulipelekwa mbele ya watu wa kijiji cha Kamiriithu, wakulima na wafanyakazi, ukasomwa, ukajadiliwa. Wazee wakasahihisha Kikuyu cha wasomi hao: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivi. Wenye kuijua kazi ya kiwandani wakaeleza ujira unavyokwenda. Watu haohao wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu 2,000 hivi. Maonyesho yalianza Oktoba, na katikati ya Novemba serikali ikaondoa kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Wapo wanaodhani kukaa na wasomaji ni burudani ya watu wenye nafasi. Serikali ile haikudhani hivyo.

Kizuizini, katika gereza la Kamiti, aliandika kwenye karatasi za chooni riwaya ya *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, ikatoka 1980. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi ilivyosomwa: majumbani, jioni, anayejua kusoma akiwasomea wasiojua, kazini, saa ya chakula cha mchana, kwenye mabasi, na baa. Huko baa walizuka wasomaji wa kazi. Mtu anasoma kwa sauti, wanywaji wametega masikio, na akifika patamu akaona glasi yake imekauka, anafunga kitabu. Watu wanapiga kelele aongezewe bia, na kisa kinaendelea. Sisi kwetu ni chai na maandazi, ila nimewaambia wanakikundi kwamba kanuni ni ileile.

Nirudi kwenye maandazi, maana nayo yana gharama. Kitabu cha shilingi 15,000, kwa mrabaha wa kawaida wa asilimia kumi hivi, kinampa mwandishi 1,500. Nauli ya kuja kwetu na kurudi inakula mrabaha wa nakala nzima au zaidi. Kwa hiyo tunachanga nauli, na tunamwomba aje na nakala za kuuza, ambazo mchapishaji humpunguzia bei. Hapo ndipo tulipopata aibu moja ambayo imegeuka hadithi ya kikundi. Mwanafunzi wa chuo alimpelekea mgeni wetu kitabu asaini. Kilikuwa fotokopi, kimefungwa ubavuni kwa waya wa plastiki, jalada limetoka jeusi hata jina halisomeki. Nikatamani sakafu ifunguke. Mwandishi akakigeuzageuza, akauliza kopi yote ilimgharimu kiasi gani. Elfu sita, Mwalimu. Akauliza aliitoa wapi, kijana akaonyesha chini, dukani kwa mwenyeji wetu. Mwandishi akachukua kalamu, akaandika: "Kwa mwizi aliyenisoma mpaka mwisho." Ilionekana ni kweli, kurasa zote zilikuwa na alama za penseli. Mwisho wa mwezi, boom la mkopo wa chuo lilipoingia, kijana alinunua nakala halali. Ile ya wizi hataki kuitupa.

Waandishi wanawake wana mzigo wao wa ziada. Mwanamume akiandika juu ya muuaji, hakuna anayemwuliza ameua wangapi. Mwanamke akiandika juu ya ndoa iliyooza, mkono wa kwanza kunyooshwa utataka kujua kama yamemkuta. Nimejaribu kulipiga marufuku swali hilo na nimeshindwa, kwa hiyo sasa ninalisogeza mwisho kabisa. Juzi tulikuwa na mshairi wa kike, na diwani yake ina mume mmoja mchoyo wa maneno, anayekula, ananawa na kulala. Saa ya wasomaji ilikuwa nzuri. Fundi cherehani alisoma shairi moja kwa sauti akaonyesha kwamba mke naye, ukihesabu beti, hasemi neno mpaka ubeti wa mwisho. Kwa hiyo mchoyo ni nani? Mshairi aliandika hilo kwenye karatasi yake na kulipigia mstari.

Lilipofika swali la mume, alicheka akasema mume wake amekaa pale nyuma, amekuja kumchukua, mumwangalie wenyewe. Vichwa vyote vikageuka. Yule bwana, mpole kweli, akanyoosha mkono kuomba nafasi. Nikamwuliza diwani ameisoma? Akasema bado. Nikampa nafasi Babu.